Sonona na meno bandia: mbona yanapwaya?

Sonona ni ugonjwa, siyo huzuni ya siku mbili tatu. Mtu hukaa wiki mbili au zaidi moyo umezimika: alichokipenda hakimvutii tena, usingizi umeruka au umemzidi, chakula hakipiti, hata kuoga ni kazi. Inavyovuruga kazi na ndoa inajulikana. Inavyovuruga meno bandia, ni wachache wanaoijua.

Chukua seti nzima ya juu. Haina skrubu wala gundi. Inashikiliwa na utando mwembamba wa mate kati ya plastiki na kaakaa, kama vipande viwili vya kioo vilivyolowa vinavyogandana. Sasa, baadhi ya dawa za sonona, hasa za zamani kama amitriptilini, hukausha kinywa. Mate yakipungua, meno yanadondoka mtu akipiga mwayo, na plastiki inasugua fizi kavu mpaka inachubuka. Mgonjwa analaumu fundi, fundi anapima tena na kuona kila kitu kiko sawa. Wote wawili wanasema kweli. (Dawa zenyewe usiziache kimyakimya, mwambie aliyekuandikia, huenda ikapatikana nyingine isiyokausha sana.)

Seti ya chini ina shida yake. Haina kaakaa la kujishikiza, kwa hiyo ulimi na mashavu ndiyo huishikilia, na kazi hiyo hujifunzwa kwa wiki kadhaa za kujing'ata, kutema mate na kutamka "s" vibaya. Mazoezi hayo yanataka subira, na sonona hula subira kwanza. Siku ya tatu meno yanaingia kwenye glasi ya maji, na huko yanabaki. Mwingine hufanya kinyume: anayavaa usiku na mchana bila kuyasugua, fangasi wanaota, kaakaa linakuwa jekundu.

Daktari mmoja wa meno wa Marekani, M. M. House, aliwahi kuwagawa wagonjwa wa meno bandia katika makundi manne kwa tabia zao. Kundi moja aliliita la wasiojali: hawakuja kwa hiari, wameletwa na ndugu, na maelekezo hawayafuati. Mimi jina hilo linanitia shaka. Baadhi yao yawezekana walikuwa wagonjwa wa sonona ambao hakuna aliyewauliza.

Maana kuuliza si kugumu. Mtu akirudi mara ya nne na lalamiko lilelile, kwanza tafuta kidonda, kwa sababu sonona huongeza maumivu lakini haizuii kidonda cha kweli kuwepo. Kisha, kabla ya kupunguza plastiki tena au kuchukua vipimo vya seti mpya, muulize analalaje, anakula nini, na aliacha lini kufurahia kula. Akijibu kwamba aliacha kabla hata meno hayajang'olewa, seti mpya peke yake haitamsaidia.