Levi Strauss hakuwa fundi wa jinzi

Hadithi inayozunguka ni kwamba Levi Strauss, mwenye jina lililo kwenye jinzi za Levi's, alifika California wakati wa kukimbilia dhahabu, akakosa soko la turubai zake za mahema, akazikata na kuwashonea wachimbaji suruali. Tamu, lakini si kweli.

Strauss, Myahudi aliyezaliwa Bavaria mwaka 1829, aliingia San Francisco mwaka 1853 kama muuza jumla. Duka lake liliuza vitambaa, nguo na mashuka kwa wenye maduka madogo. Cherehani haikuwa kazi yake.

Fundi alikuwa Jacob Davis, Myahudi mwenzake kutoka Riga, aliyekuwa akishona huko Reno, Nevada. Mama mmoja alimwagiza suruali ngumu ya mumewe mkata kuni. Davis alikuwa na ribiti za shaba, yaani vijisumari vya kukazia, alizozoea kufungia mikanda ya mablanketi ya farasi, akazigongelea kwenye pembe za mifuko, pale panapochanika kwanza. Wateja wakamiminika. Pesa za hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, hana, basi mwaka 1872 akamwandikia Strauss, aliyekuwa akimuuzia kitambaa, alipie na washirikiane. Hataza ya suruali hizo, zilizokuja kuitwa jinzi, ikatoka tarehe 20 Mei 1873, na Davis akahamia San Francisco kusimamia ushonaji.

Kwa hiyo sifa ya Strauss ni ya mfanyabiashara aliyetambua mali alipoiona. Na ya mtoaji, jambo ambalo wavaaji wengi hawalijui: mwaka 1897 alifadhili nafasi 28 za masomo Chuo Kikuu cha California, na wosia wake wa 1902 ulikumbuka vituo vya yatima vya Wayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti.