Kubadilisha fedha si kuvunja noti

Wiki hii nimelisikia tena, na safari hii limetoka kwa mtu ninayemheshimu sana. Shangazi yangu anajiandaa kwa safari yake ya kwanza ya meli ya kitalii, nchi tano kwa siku kumi, na mpango wake wa fedha ni huu: "Nitabeba yuro zangu, kila tukitia nanga nachenji kidogo. Kwani kuna nini? Hela ni hela." Sikutaka kumkatiza, alikuwa amefurahi. Lakini neno hilo nalisikia kila mwaka kutoka kwa wasafiri wenye akili timamu na hesabu nzuri, na kila mwaka wanarudi na fungu la noti wasilojua pa kulipeleka.

Kuvunja noti ni kuigawa. Unatoa mia moja, unapewa kumi kumi. Fedha ni ileile, thamani ni ileile, na hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Kubadilisha fedha ni biashara. Unauza sarafu ya nchi moja ili ununue sarafu ya nchi nyingine, na aliyekaa nyuma ya kioo ni mfanyabiashara ambaye lazima apate chake. Maana ndiyo hiyo, wala haina uzito. Kinachonikera ni jinsi vitu hivi viwili vilivyofungwa katika furushi moja.

Aliyelifunga furushi ni neno chenji. Tumelichukua kutoka Kiingereza tukalibebesha kazi tatu: baki unayorudishiwa dukani ni chenji, kuvunja noti ni kuchenji, na kununua fedha za kigeni nako ni kuchenji. Mtu anayetumia neno moja kwa mambo matatu hatimaye huyaona matatu kuwa moja. Na hatukuwa na haja ya kufika huko, maana Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuyatenga. Kuna kuvunja, kuna kubadilisha, kuna baki.

Tena tuna neno linaloeleza biashara hii kuliko yote, ila tumesahau lilikotoka. Sarafu imetokana na Kiarabu, kwenye mzizi ambao maana yake ya awali ni kugeuza, kukielekeza kitu upande mwingine. Kutoka kugeuza ikaja maana ya kubadilisha fedha, na mwenye kazi hiyo akaitwa sarraf: yule wa meza na mizani. Mzizi huohuo umetupa sarufi, kwa kuwa kwa wanazuoni wa Kiarabu sarf ni elimu ya namna neno linavyogeuka umbo. Umetupa pia masurufu, zile fedha za matumizi anazokabidhiwa msafiri kabla hajaondoka. Kwa hiyo sarafu, sarufi na masurufu ni ndugu wa tumbo moja, na wote watatu wamebeba maana ya kitu kinachogeuzwa kutoka hali hii kwenda ile.

Kumbuka mizani ya yule sarraf, maana ndiyo inayotenganisha zama zake na zetu. Fedha, kabla ya kuwa jina la pesa, ni jina la madini meupe, na mpaka leo pete ya fedha ni pete ya fedha. Kipande cha fedha kilikuwa na thamani ndani ya mwili wake. Ukivuka bahari nacho, sarraf wa ng'ambo angekipima na kukuambia kinalingana na vipande vingapi vya kwao, awe anamjua mfalme aliyechorwa juu yake au hamjui. Noti ya leo haina mwili wa kupimwa. Ndani ya nchi iliyoitoa, sheria inasema ni malipo halali. Ukishavuka mpaka, ulinzi huo unaisha na noti inageuka kuwa bidhaa kama bidhaa nyingine, yenye mnunuzi au isiyo na mnunuzi.

Na hapa pana jambo linaloniuma kila nikilifikiria. Sarafu leo ina maana mbili, fedha ya nchi kwa jumla na kipande cha chuma. Maduka ya kubadilishia fedha, kwa kawaida, hayapokei vipande vya chuma. Ni vizito, kuvihesabu ni kazi, na kuvisafirisha hadi vilikotoka kunagharimu kuliko thamani yake. Neno lililozaliwa kwenye meza ya mbadilishaji sasa ni jina la kitu pekee ambacho mbadilishaji anakikataa. Kwa hiyo vyuma vimalizie palepale bandarini, kabla ngazi ya meli haijapandishwa.

Kwamba noti ikivuka mpaka inageuka bidhaa nilijifunza Oslo, mji mkuu wa Norwei. Mbele yangu alisimama mama mmoja tuliyekuwa naye melini, ameshika kikombe cha kahawa mkono mmoja na noti ya krona mia mbili mkono wa pili. Muuzaji aliitazama, akatikisa kichwa taratibu, akamrudishia. Mama akadhani ni kubwa mno, akafungua pochi akamwaga vyuma kiganjani, vingine vina tundu katikati. "Hizi hapa, zenye tundu ni zenu," akasema. Muuzaji akavipekua kwa kidole, kipande kimoja kimoja. Norwei ina krona moja na krona tano zenye tundu, kweli. Lakini Denmark nayo inazo zenye tundu, moja, mbili na tano, na tulikuwa tumetoka Copenhagen jana yake. Kiganja kizima kilikuwa cha Denmark. Yule mama hakuwa mzembe hata kidogo. Alisoma "krona" kwenye bei, akasoma "krona" kwenye noti yake, akatoa. Nani angefanya vingine?

Krona maana yake ni taji, na wafalme ni wengi. Denmark ina krona yake, Norwei yake, Uswidi yake, na Iceland yake. Madukani, nchi tatu za mwanzo zote huandika "kr" mbele au nyuma ya tarakimu, na zote tatu zina noti ya mia mbili. Sasa, mtu anaweza kuuliza mbona nchi jirani zimechagua jina moja. Si bahati nasibu. Mwaka 1873 Denmark na Uswidi ziliungana kifedha, Norwei ikaingia mwaka 1875, na krona ya kila mmoja ikawekwa kwenye kipimo kimoja cha dhahabu. Krona ya mmoja ilipokelewa kwa mwenzake, moja kwa moja, bila kupunguziwa. Katika miaka ile msafiri wa Copenhagen angefika Oslo, iliyoitwa Christiania wakati huo, akatoa krona yake akavunjiwa, na neno kuvunja lingekuwa sahihi kabisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 mpango huo ukaanza kuvunjika, na kila krona ikashika njia yake. Likabaki jina. Yule mama aliamini jina, naye alikuwa amechelewa zaidi ya miaka mia moja.

Dawa ya mkanganyiko huu ipo, tena imeandikwa kwenye ubao wa bei wa duka la kubadilishia fedha: herufi tatu. DKK ni ya Denmark, NOK ya Norwei, SEK ya Uswidi, ISK ya Iceland. Mfumo wa herufi hizo ulitolewa mwaka 1978 kwa ajili ya kuondoa utata wa namna hiyohiyo. Alama ya dola nayo haiaminiki peke yake, kwa kuwa nchi nyingi zina dola zao. Soma herufi tatu.

Ubao wenyewe una safu mbili. Moja imeandikwa kununua, nyingine kuuza, na hapo ndipo wengi wanasoma kinyume. Anayenunua ni duka. Anayeuza ni duka. Ubao unazungumza kwa kinywa cha mwenye duka. Ukienda kupata krona, wewe unanunua lakini duka linauza, basi bei yako iko kwenye safu ya kuuza. Tuseme umesimama mbele ya ubao wa dola, na yuro moja inanunuliwa kwa dola 1.05 na kuuzwa kwa dola 1.15. Ukitaka yuro mia moja utatoa dola 115. Ukigeuka hapohapo, kabla hujatoka mlangoni, ukasema umeghairi, utarudishiwa dola 105. Dola kumi zimebaki nyuma ya kioo. Na juu ya kioo pameandikwa "bila kamisheni", maneno ambayo ni ya kweli: hukutozwa kamisheni, umetozwa tofauti ya bei. Ndiyo maana swali la kuuliza dirishani si kama kuna ada. Uliza: nikikupa hizi, nitaondoka na ngapi mkononi?

Sasa ipandishe hesabu hiyo melini. Chukua njia ya Copenhagen, Oslo, Stockholm, Helsinki na Tallinn. Bandari mbili za mwisho ni za yuro, kwa kuwa Ufini inatumia noti za yuro tangu zilipotoka mwaka 2002 na Estonia iliingia mwaka 2011. Tatu za mwanzo ni krona tatu. Mwenye yuro akinunua krona kila bandari na kuuza kila masalio bandari inayofuata, amefanya biashara tano au sita ndani ya wiki moja, na kila moja imemng'ata kidogo. Msafiri wa nchi moja hung'atwa mara mbili, akiingia na akitoka. Ukiniuliza, mahali unapokaa saa sita tu, nunua kidogo sana au usinunue kabisa, tumia kadi, ubaki na noti chache kwa ajili ya mahali pasipopokea kadi.

Kadi nayo ina mtego wake, na ni kosa lilelile la kuvunja na kubadilisha, ila limevaa nguo ya mashine. Unaingiza kadi, kioo kidogo kinakuuliza: ulipe kwa krona au kwa sarafu ya nyumbani kwako? Ya nyumbani inavutia kwa sababu unaielewa. Lakini kuichagua ni kukubali kwamba fedha zako zibadilishwe palepale, kwa bei aliyoipanga mwenye huduma ya mashine, na mara nyingi bei hiyo ni mbaya kuliko ambayo benki yako ingekupa. Chagua sarafu ya mahali ulipo. Melini kwenyewe hakuna haja ya noti kwa manunuzi: unatumia kadi ya chumba, na deni lote linaandikwa kwa sarafu moja ambayo kampuni imeichagua. Sarafu hiyo haina uhusiano wowote na bandari mliyotia nanga asubuhi. Dirisha la mapokezi likikubali kukubadilishia, elewa kuwa nalo ni duka.

Zipo bandari ambako kubadilisha kunafanana sana na kuvunja, na hizo ndizo hatari zaidi. Dola ya Bahamas ni sawa na dola ya Marekani, moja kwa moja. Ya Barbados ni mbili kwa moja. Ya visiwa vya Karibi ya Mashariki imeshikizwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu mwaka 1976. Ukilipa Bahamas kwa dola ya Marekani hupotezi kitu, lakini baki unaweza kurudishiwa kwa dola ya kwao, na hiyo ukifika nayo nchi nyingine utahangaika kumpata wa kuinunua. Pauni ya Gibraltar, eneo dogo la Uingereza kusini mwa Hispania, ni hivyohivyo: thamani yake ni sawa na ya Uingereza, ila muuzaji wa London hana wajibu wa kuipokea, na kwa kawaida haipokei. Dinari ya Tunisia hata kutoka nayo nje ya nchi ni marufuku. Kwa hiyo unapolipa katika bandari kama hizi, omba mapema urudishiwe baki kwa sarafu uliyolipia, kabla mkono wa muuzaji haujaingia kwenye droo.

Shangazi, mpango wako si mbaya, ni neno tu lililopotea njia. Ukifika dirishani Oslo usimwambie "nichenjie". Mwambie unauza yuro na unataka krona za Norwei, mwonyeshe kwa kidole zile herufi NOK, kisha muulize utapata ngapi mkononi. Jibu likikuridhisha, mpe. Na ile noti ya mia tano atakayokukabidhi, hiyo sasa mwombe akuvunjie.