Picha imetoka, ila usizime kompyuta bado

Mezani nilikuwa na ruta mbili za kampuni tofauti, na kazi ya kuhakikisha zinapitishiana multikasti, yaani data inayotumwa mara moja kwa kundi zima la wapokeaji, kabla hazijafungwa kwa mteja. Kwa maandishi zote zinafuata RFC 7761, waraka wa 2016 unaoeleza PIM-SM, lugha ambayo ruta hutumia kupangiana njia za multikasti. Wengi huuliza ruta swali moja tu: jirani umemwona? Ikijibu ndiyo, wanakunja kebo. Lakini ujumbe wa Hello, ambao ruta hujitambulishia kwa jirani kila sekunde 30, ni salamu tu, na watu husalimiana hata wakiwa hawasikilizani lugha.

Upande wa mpokeaji mambo yalikwenda vizuri. Kompyuta iliomba kundi 239.1.1.1 na ombi likafika kwenye ruta ya makutano, yaani RP, ambako maombi ya wapokeaji hukutana na data ya chanzo. Nikawasha video upande wa pili. Kioo cheusi. Kwanza nilijishuku mwenyewe, maana programu nyingi hutuma multikasti zikiwa na TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaweza kuvuka) ya 1, pakiti ikafia kwenye ruta ya kwanza. (Nimeshapoteza asubuhi nzima kwa hilo, sirudii.) TTL ilikuwa 32.

Nikanasa pakiti karibu na RP. Ruta iliyo jirani na chanzo haijui nani anataka video, kwa hiyo hufunga kila pakiti ndani ya ujumbe wa Register na kuituma moja kwa moja kwa RP. Register zilikuwa zinafika, tena nyingi, na RP inazitupa zote. Kaunta ya cheksamu mbovu (cheksamu ni namba ya kuhakiki kuwa ujumbe haukuharibika njiani) ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu.

Waraka unasema cheksamu ya Register ihesabiwe kwenye baiti 8 za mwanzo tu, video iliyofungwa ndani isiguswe. Ruta ya upande wa chanzo ilikuwa inahesabu ujumbe wote. Waraka huohuo unasema atakayepokea cheksamu ya ujumbe mzima naye aikubali, ili vifaa vya zamani visiachwe nje. RP yangu haikukubali. Kwa hiyo moja ilikosea hesabu, nyingine ikaleta ubishi. Kwenye mipangilio ya ile ya upande wa chanzo kulikuwa na amri ya kubadili namna ya kuhesabu. Nikaiweka, picha ikatoka.

Kipaumbele cha DR, yaani ruta inayochaguliwa kuwakilisha kompyuta za waya mmoja, nacho kiangalie: ruta moja tu kwenye waya ikiwa haikitangazi, uchaguzi unarudi kwenye anwani ya IP iliyo kubwa, na namba uliyoweka haisaidii kitu.

Kisha zikaja swichi. Nilipima moja peke yake, chanzo na mpokeaji kwenye VLAN moja (mtandao mmoja ndani ya swichi), bila ruta. Picha ilikuwa safi kabisa. Nikaenda kuchukua chai, kurudi nakuta kioo cheusi. Swichi ilisikia ombi la kwanza la mpokeaji na kuliandika, lakini hakuna aliyekuwa anauliza tena kila sekunde 125 kama inavyotaka IGMP, lugha ambayo wapokeaji hutumia kuomba kundi. Sekunde 260 zikapita kimya, swichi ikamfuta. Nikawasha kazi ya kuuliza kwenye swichi yenyewe, ikatulia.

Siku hizi jaribio langu la chini kabisa ni dakika kumi. Likipita, nachomoa kebo ya njia kuu nikiwa natazama saa, halafu nairudisha na kusubiri tena.