"Inflammable" sio kwamba haishiki moto, tuelewane

Juzi kwenye ukaguzi wetu wa zimamoto pale Mwanga, Kigoma, tumemkuta fundi samani ana kopo la tina, ile thinner ya kuchanganyia rangi, liko wazi, hatua mbili tu toka jiko la mkaa lenye birika la chai. Namuuliza, ananionyesha lebo: "Afande, si imeandikwa inflammable? In si ya kukataa, kama incorrect." Kijana kamaliza fomu foo, hajaongea pumba, ila kakosea, na wenye boti Kibirizi nao wananipa hesabu hiyohiyo kuhusu madumu ya petroli.

Jamani, "flammable" na "inflammable" ni kitu kimoja, kinashika moto kirahisi. Hiyo "in" sio ya kukanusha, imetoka kwenye Kilatini, inflammare, yaani kuwasha. Kisichoshika moto kinaandikwa "non-flammable". Wenye Kiingereza chao wenyewe walikuwa wanachanganyikiwa, ndo maana miaka ya 1920 NFPA, chama cha kuzuia moto cha Marekani, kikahimiza iandikwe "flammable" tu, lakini makopo yenye neno la zamani bado yapo madukani. Lugha ikikusumbua tafuta picha ya mwali ndani ya almasi yenye mpaka mwekundu, ile haina kiambishi.

Halafu kinachowaka sio petroli ya kwenye dumu, ni mvuke wake, na petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa Kigoma hii baridi hiyo lini? Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unalikuta jiko. Mtu anakwambia "nauza kwenye chupa mwaka wa kumi huu, haijawahi kuwaka". Haya.

Kuhusu ukaguzi, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inamruhusu mkaguzi kuingia kwenye eneo lako, na kumzuia ni kosa. Akija muombe kitambulisho, ni haki yako. Atakagua, atakuandikia mapungufu, utarekebisha, na kama kuna malipo utapewa kontrol namba ulipie benki au kwenye simu, hela ya mkononi usimpe mtu, hata mimi, na risiti itunze pamoja na cheti cha zimamoto. Moto ukitokea piga 114, useme mtaa kabla hujaanza kulia.

Yule fundi jiko kalitoa nje palepale. Mfuniko wa kopo ndo hakuwa nao, anasema umepotea tangu Desemba.