Kidole si kipanya
Vijana wengi wanaojifunza kuunda programu hapa Mombasa huamini kwamba kitu kikiburutika kwa kipanya kwenye kompyuta, kitaburutika vilevile kwa kidole. Sivyo, na anayeumia ni abiria anayengoja feri Likoni, mwenye simu tu mkononi.

Kivinjari kikiona kidole kinasogea, huchukulia kwamba unataka kusogeza ukurasa. Hukinyakua kidole, hutuma tukio (taarifa kwa programu yako) la pointercancel, yaani mguso umekatizwa, na kitu ulichokuwa ukikiburuta hukwama njiani. Kosa haliko kwenye hesabu yako ya x na y. Kipe kitu hicho touch-action: none katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, nacho kivinjari kitakuachia kidole. Kitu hicho peke yake, tafadhali! Ukiuwekea ukurasa mzima, watu watashindwa kuusogeza, na huko ni kuwaonea.

Kipanya nacho kina lake: ukikivuta haraka, mshale hutoka nje ya kitu na matukio hayakifikii tena. Hapo ita setPointerCapture, amri ya kukielekezea kitu hicho matukio yote, wakati wa pointerdown, yaani kitufe kinapobonyezwa; kidole hushikiliwa hivyo chenyewe. Halafu shughulikia pointercancel kama pointerup (kuachilia), kwani hata simu ikigeuzwa upande, mburuto waweza kukatizwa.