Mteja wako hayuko kwenye mkutano wa wakubwa

Wengi huamini koneksheni za biashara hupatikana kwenye mikutano ya wakubwa, au kwa rafiki mliye naye kama chanda na pete. Si hivyo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Rafiki wa karibu anajua unayoyajua tayari. Habari mpya anayo yule mnayesalimiana tu kwenye foleni.

Ila hapa ndipo watu huharibu. Unamwambia jirani wa kiti kwenye basi, "Mimi nashona sare," naye hata hajakaa vizuri ushamtajia bei. Anageukia dirishani (hata mimi ningegeuka). Muulize yeye anahangaika na nini, kisha nyamaza, sikiliza. Akimtaja dada yake anayefungua shule, omba namba, na upige kesho yake, kabla jirani huyo wa kiti hajasahau sura yako.