Mlingoti mkavu ukilalia mti mwingine: vuta shina, usiguse ulioubeba

Huku Mufindi, upepo ukipita, napigiwa simu za aina moja: mlingoti (mkaratusi) uliokufa umekatika karibu na kisiki, umelalia msindano (paini) ulio jirani, haujafika chini. Mara nyingi mwenye shamba ameshaamua: tukate huo msindano, yote ianguke pamoja. Hapana. Msindano huo umeelemewa na umepinda. Ukiingiza msumeno unaweza kupasuka kwa urefu na kumrudia mkataji, na mkavu ukamshukia hapohapo aliposimama. Usipande kuutikisa, wala usiangushe mti wa tatu juu yake.

Mti mbichi una nyuzi zinazokunjika. Tunapouangusha tunaacha bawaba, sehemu isiyokatwa, karibu asilimia 10 ya unene wa shina, ndiyo inayouongoza. Katika mti mkavu bawaba hukatika ghafla. Matawi nayo, mtikisiko wa msumeno tu unatosha kuyadondosha. Ndiyo maana kabla ya yote nauzunguka kwa mbali, macho juu: tawi gani limevunjika likaning'inia, gome gani linabanduka, ncha imebanwa wapi.

Wengi hukata shina vipande vipande kuanzia chini. Nalikataza kabisa kwa vijana wangu. Kila kipande kinapotoka, mti unashuka kwa kishindo, shina linaruka upande lisikotarajiwa, na mti unazidi kusimama wima mpaka hujui utaangukia wapi.

Kinachofaa ni kuvuta shina kwa chini, kinyume na upande ulikolalia, ili ncha iteleze itoke. Nafunga winchi ya mkono, kifaa cha kuvutia waya, kwenye mti mzima ulio mbali, waya naupitisha kwenye kapi ili mvutaji asisimame kwenye mstari wa mvuto. Wengine wote wakae umbali wa urefu wa miti miwili, na asiwepo mtu ndani ya pembe ambayo waya unaifanya unapokunja kwenye kapi, maana waya ukikatika unachapa. Tunavuta polepole, tunasimama, tunaangalia juu, tunaendelea. Nyuzi chache zilizobaki kwenye kisiki mara nyingi hukatika zenyewe.

Huna winchi wala trekta lenye waya mrefu? Uache. Zungushia utepe au fito kwa mbali, wachungaji wapitishe mifugo kwingine, na utafute mwenye vifaa siku hiyohiyo.